Jina Lililokosekana Kwenye Orodha

Dzaleka, 8 Oktoba 2024

Mpwa wangu Solange,

Kosa linalofanywa na wapangaji wengi ni kudhani kwamba bima ya mwenye nyumba inalinda hata sufuria zao. Nimeanza na kosa kabla ya salamu, jambo ambalo darasani ningemkatia mwanafunzi alama, lakini maneno yako ya Jumapili kwenye simu hayajanitoka: "Mjomba, baba mwenye nyumba iko na bima, sisi tunalala salama." Sasa pokea salamu. Sisi wazima. Magoti yangu yanalalamika asubuhi na kunyamaza mchana. Rosette wa kanisani kwetu amechaguliwa kuongoza kwaya, na uamuzi wake wa kwanza ni kwamba Pasaka wote ishirini na wanne wavae sare mpya, na mshonaji awe wewe. Vitenge vitakufikia kwa mkono wa Epiphanie, yule jirani yangu Mrundi anayeshusha maharagwe Lilongwe, ambaye pia anakuletea barua hii. Najua una simu. Lakini sauti ya simu haina tarehe wala sahihi, na nimezeeka nikipenda vitu vyenye tarehe.

Turudi kwenye kosa. Bima ya Bambo Kamwendo, mwenye nyumba wako, inahusu kuta, paa, milango na madirisha. Moto ukiingia, yeye atalipwa kuta. Wewe na mume wako Limbani mtabaki mmesimama uani na kijiko ulichokuwa umeshika. Mpangaji anahitaji bima yake, ya vitu vya nyumbani. Hiyo huangalia moto, bomba lililopasuka, mwizi aliyevunja mlango, na mara nyingine umeme uliorudi kwa kishindo ukaua friji. Haiangalii kutu, mende, wala mwizi aliyekuta mlango umeachwa wazi.

Usiseme hayo ni mambo ya wenye magari. Sisi hapa kambini tuna Kikundi cha Kuta. Kila nyumba imetoa matofali ishirini, yamepangwa nyuma ya kanisa, na ukuta wa mwanachama ukianguka, matofali ni yake na kila mmoja anampa siku moja ya kazi. Wengi wanatoa kidogo, mmoja anapata anachohitaji. Hiyo ni bima, ila yetu ni ya udongo. Mwenyekiti ni fundi Nduwayo, nami ndiye mwandishi.

Kwa hiyo, pita chumba kwa chumba, andika kila kilichomo. Fanya nakala mbili, moja uniletee mimi. Orodha inayokaa ndani ya nyumba huungua pamoja na nyumba.

Mjomba wako,
Byamungu

*

Area 36, Lilongwe, 27 Oktoba 2024

Mjomba Mwalimu,

Salamu kutoka kwa watu wawili wenye afya na kuku mmoja mwenye jeuri. Limbani amesoma barua yako kwa msaada wangu, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema zikomo, yaani asante, kwa somo, na anauliza kama kutakuwa na mtihani.

Vitenge vya kwaya vimefika, vya bluu na njano. Epiphanie ameviweka mezani na kusema, "Dada, Rosette anasema ukikata vibaya, usikuje tena Dzaleka." Nimemjibu Rosette aimbe vizuri kwanza. Mjomba, mi nafurahi kuliko ninavyoonyesha. Ni kazi yangu kubwa ya kwanza, na ni ya kwetu.

Nimekutii. Tulikwenda City Centre kwenye ofisi ya bima, dada wa pale akatupa fomu. Hii ndiyo nakala yako. Sebuleni: viti vinne, meza, redio, televisheni ndogo, pazia mbili. Chumbani: kitanda, godoro, sanduku la nguo, blanketi tatu. Jikoni: friji, jiko la umeme, mbaula ya mkaa, sufuria saba, sahani kumi na mbili, maana ya kumi na tatu kuku ameivunja. Kijiko sikukiandika. Nitakuwa nimekishika.

Sasa na mimi niulize. Ule ufa kwenye ukuta wako wa nyuma, ambao mwaka jana uliuziba na gazeti, umefikia wapi?

Mpwa wako,
Solange

*

Dzaleka, 5 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Mwambie mkwe wangu mtihani upo, na swali la kwanza limo kwenye barua hii. Hapa ni joto. Batoto wa jirani wamegundua kwamba kivuli cha dirisha langu ni kirefu kuliko vingine, basi nafundisha hesabu bila kulipwa wala kuombwa.

Nimesoma orodha yako mara tatu. Nimeona viti, sufuria, hata msiba wa sahani. Nimetafuta cherehani ya mama yako, sikuiona. Béatrice, dada yangu, alivuka ziwa Tanganyika akiwa ameifunga mgongoni mahali ambapo wenzake walifunga mtoto, kwa kuwa wewe ulikuwa na miaka sita na ulikataa kubebwa. Ama umeiuza, na hapo tutagombana, ama umeificha, na hapo nieleze.

Nadhani umeificha. Umeogopa kwamba ofisi ikijua unashonea watu nyumbani, ada itapanda, na Bambo Kamwendo atasikia kwamba sebule yake ni karakana. Solange, bima ya vitu vya nyumbani inakadiriwa kwa nyumba ya kuishi. Ukiingiza biashara humo bila kuwaambia, umeuza mbuzi ukamwita kuku. Siku ya hasara watakuja kuangalia, watakuta nyuzi, mikasi na sare za kwaya, na watauliza kwa nini hamkusema. Wanaweza kukataa kulipa, si cherehani peke yake. Na vitambaa vya wateja si vyako, kwa hiyo visipotajwa kwa jina lake havimo kabisa.

Jambo jingine. Mtu hutaja nusu ya thamani ili alipe ada ndogo. Ukitaja nusu, hata ikiungua meza moja watakulipa nusu ya meza. Taja thamani ya kweli.

Rudi ofisini ukaseme. Kisha niandikie orodha nyingine yenye namba ya kila mashine, ile iliyogongwa kwenye chuma.

Kuhusu uliloniuliza mwishoni, mvua haijaanza vizuri, na maharagwe ya Epiphanie yamepanda bei.

Mjomba wako

*

Area 36, 14 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Barua yako ya Novemba imenifikia juzi! Mafuta ya magari yalipotea, Epiphanie akakaa nyumbani, na aliposafiri mwishowe alipitia kwanza Nathenje kununua mahindi, barua yako ikiwa ndani ya gunia. Ina harufu ya ghala. Nilipoisoma niliona kwamba wiki zote hizo nilikuwa nimelala juu ya uongo nikidhani ni godoro.

Ni kweli, niliificha. Ulivyosema njo hivyo hivyo, mpaka nikageuka kuangalia kama uko dirishani.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa yule dada wa bima. Nikamwambia, "Dada, kuna kitu sikuandika."

Akasema, "Mashine ya kushona."

"Umejuaje?"

"Ulikuja na uzi kwenye nywele na sindano kwenye kola. Nilikuwa nakungoja."

Mjomba, niliona aibu, halafu tukacheka wote wawili. Ameongeza karatasi kwenye mkataba: mashine mbili za kushonea, vitambaa vya wateja, kazi inafanyika nyumbani. Ada imeongezeka, lakini si ya kutisha, na tunalipa kidogo kidogo kila mwezi. Limbani alitaka tutaje nusu ya thamani. Nikamwambia, "Basi siku ikiungua utakula kwenye nusu ya meza, na mimi nitakaa upande wenye miguu." Akaandika thamani yote. Bambo Kamwendo naye nilimweleza mwenyewe. Aliuliza swali moja tu: kama nashona suruali za wanaume.

Hii ndiyo orodha mpya, kila kitu na namba zake. Cherehani ya mama ilibidi niipindue na kuisugua na mafuta ya taa ndipo namba ikaonekana. Ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo niliyonunua mwaka huu, namba yake iko kwenye kibati cha nyuma. Vitenge vya kwaya nimevihesabu kitambaa kwa kitambaa. Nakala yangu iko kwenye droo ya meza ya kushonea, pamoja na risiti.

Krismasi njema, Mjomba. Hukujibu kuhusu ufa.

Solange

*

Area 36, 19 Januari 2025

Mjomba,

Nilikuambia kidogo kwenye simu, sasa naandika yote kama ulivyotaka. Kwanza tena: sisi wazima, hata kuku.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika. Nilikuwa na kola za sare za kunyoosha, nikawasha pasi ya mkaa. Nikasikia mama wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, anapita anaita wateja, nikaegesha pasi kwenye kisahani chake, nikatoka na sahani. Pale nje tulipatana bei, tukazungumza kidogo, ujue namna anavyoongea. Cheche ilikuwa imerukia kikapu cha mabaki ya vitenge. Niliporudi, meza ya kushonea ilikuwa inawaka upande mmoja. Limbani alimwaga ndoo mbili, jirani akaleta ya tatu, moto ukazima.

Na mi nilikuwa nimesimama uani, Mjomba, nimeshika sahani ya usipa. Wewe ulisema kijiko. Ulikosea kidogo tu.

Meza imekwisha. Ovaloki imeyeyuka waya zote. Sare kumi kati ya ishirini na nne ni majivu. Cherehani ya mama ni nyeusi kama sufuria, lakini fundi wa hapa Area 36 ameifungua, ameisafisha, ameizungusha kwa mkono na imeitika. Nililia hapo, si kabla.

Sasa shida. Mkaguzi wa bima amekuja, mtu mpole mwenye viatu safi sana. Ameangalia, amepiga picha, ameuliza: "Mashine iliyoungua ilikuwa ya aina gani? Sare zilikuwa ngapi? Una risiti, una orodha?" Kila kitu kilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa kwenye meza. Ofisi wana ile karatasi fupi tu inayosema mashine mbili na vitambaa vya wateja. Kibati cha ovaloki hakisomeki tena. Amesema bila uthibitisho atakadiria, na wakikadiria hukadiria chini.

Vitenge vile watu wa kwaya walivinunua kwa jasho, Mjomba. Nisiporudisha vyote, nitaingiaje kanisani Pasaka?

Nakala yako bado iko?

Solange

*

Dzaleka, 24 Januari 2025

Mpwa wangu,

Salamu fupi leo, kwa kuwa Epiphanie amesimama mlangoni na mzigo kichwani. Namshukuru Mungu kwa ndoo ya jirani. Mpe mkono kwa niaba yangu.

Orodha hii hapa, ile yenyewe uliyoiandika, na bahasha yake. Ilikuwa kwenye kopo langu la biskuti. Ina tarehe 14 Desemba kwa mwandiko wako, wiki nne na zaidi kabla ya moto, na hilo mkaguzi atalipenda kuliko machozi. Mwachie aitoe nakala, yenyewe urudi nayo.

Usimfiche habari ya pasi. Utashawishika kusema haikuwa wewe. Sema ilikuwa wewe. Kwa kawaida kusahau kwa binadamu kumo ndani ya bima, la sivyo nani angeinunua? Kisichomo ni kuchoma kwa makusudi na kusema uongo. Soma mkataba wako ukurasa kwa ukurasa ukiwa umekaa. Utaona pia kwamba sehemu ndogo ya kila hasara utaibeba mwenyewe. Hiyo si dhuluma, ni ya kumfanya mtu aiangalie pasi yake.

Usijali doa la tope kwenye kona ya karatasi. Kwaya sijawaambia. Rosette akiuliza, nasema mshonaji mzuri hana haraka.

Mjomba wako

*

Area 36, 9 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa, na mjomba wangu mwongo,

Wamelipa! Mkaguzi aliiweka orodha yako juu ya meza yake, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mama, ningepata watu kumi kama wewe ningerudi nyumbani mapema." Nikamwambia si mimi, ni Mjomba wangu, mwalimu. Akauliza kama unafundisha watu wazima.

Vitenge kumi nimenunua vya rangi ile ile, ilibidi nizunguke soko siku mbili. Meza mpya imekuja, ovaloki mpya imekuja, inanguruma vizuri hata kuku ameiheshimu. Ile sehemu ya kubeba wenyewe tuliibeba. Sare kumi na tisa tayari, tano zimebaki. Mkae tayari kuonekana.

Sasa tuje kwako. Orodha iliporudi kutoka ofisini nikaliona lile doa. Nikamuuliza Epiphanie, "Hili tope limetoka wapi, ikiwa kopo la biskuti lina kifuniko?"

Akashangaa. "Hujui? Ukuta wa Mwalimu ulianguka siku mbili baada ya Krismasi. Kopo tulilichimbua kwa jembe! Iko analala sakristia, kwenye benchi ya wazee wa kanisa."

"Na Kikundi cha Kuta? Si yeye mwandishi?"

Mjomba, alicheka mpaka akaweka gunia chini. "Nduwayo alifungua daftari mbele ya watu wote. Majina ishirini na mawili, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Jina la Mwalimu hakuna! Aliandika sisi wote akajisahau. Wala tofali moja hakutoa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa sababu ndiye aliyeshika kalamu."

Mtu aliyehesabu sufuria zangu saba kutoka mbali, na nyumba yake mwenyewe hakuiona! Mimi nilikuuliza ufa mara mbili, ukanijibu maharagwe.

Sikugombezi. Mi mwenyewe nilificha cherehani. Lakini Limbani anasema mtihani wake ameshamaliza na sasa ni zamu yako. Nakuomba, na nakuomba kwa heshima: jiandike.

Mpwa wako anayekupenda,
Solange

*

Dzaleka, 22 Aprili 2025

Mpwa wangu Solange, na mkwe wangu Limbani,

Nawaandikia nikiwa nyumbani kwangu, nimeegemea ukuta wa nyuma ambao ni mpya na bado una ubaridi wa udongo mbichi. Kwa hiyo salamu zangu zina mgongo nyuma yake.

Baada ya Pasaka ulitutoka upesi, jana Jumatatu asubuhi, hukusikia yote yaliyosemwa. Watu ishirini na wanne waliposimama na ile bluu na njano, mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Hawa njo bantu yetu kweli?" Rosette aliimba akiwa ameinua kidevu kama mtu anayejua kola yake imekaa sawa. Wanabishana mpaka sasa ni sare zipi kumi zilizoshonwa mara ya pili. Nimewaambia wote jana jioni habari ya moto. Rosette akasema, "Kumbe ndiyo maana zinatoshea. Alizifanyia mazoezi."

Sasa nikuambie nilichokificha. Sikuuficha ufa kwa sababu ya kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwepo. Kwa miaka thelathini na tano niliita majina ya wengine kila asubuhi, na mwalimu hajiiti. Mtu huzoea. Nilipoandika daftari la kikundi nilijiona nimo, kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu. Ukuta ulipolala chini, Nduwayo alisoma majina mara mbili, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, kanuni uliandika we mwenyewe. Asiye na jina hana matofali." Nikamjibu kwamba ana haki. Bima haikatwi baada ya ukuta kuanguka, la sivyo kila mtu angengoja uanguke. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama kwenye tope mpaka kwenye vifundo, na wao walicheka kuliko nilivyotarajia.

Nikaenda sakristia. Benchi ya wazee wa kanisa imetengenezwa ili mtu asilale, nimethibitisha hilo kwa wiki nyingi. Barua yako ya Machi ilipofika niliisomea pale, nikatoka nikaanza kufyatua matofali yangu ishirini kwa mkono wangu. Batoto wa hesabu walikuja kuhesabu. Saba ya kwanza yalikuwa na umbo la mkate. Nilipofika ishirini, nikampelekea Nduwayo, nikasema, "Haya ni ya mwanachama mpya. Sidai chochote kwa ukuta ulioanguka."

Akayapokea, akayapanga na mengine, akaniambia: "Vizuri. Mwanachama unaanza leo, na kwa ukuta wa zamani kikundi hakikupi kitu. Sasa sogea pembeni, sisi majirani tuna kazi." Nyuma yake walikuwa wamesimama kumi na wanane, na majembe, na matofali waliyotoa majumbani mwao. Hawakugusa hata moja la kikundi. Ukuta ulisimama kwa siku tatu. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kueleza tofauti ya haki na zawadi vizuri kama walivyonieleza wao kwa udongo.

Daftari liko mbele yangu. Namba ishirini na tatu: Byamungu, mwandishi. Jina nimeliandika kubwa kidogo kuliko mengine, nisije nikajiruka tena. Na ile orodha yako uliyoniletea Pasaka nimeirudisha kwenye kopo, na kopo safari hii liko kwa Epiphanie, nje ya nyumba hii.

Hapo nilipokuwa nikiirudisha ndipo nilipoona jambo, na ndiyo sababu barua hii inaondoka leo bila kungoja maharagwe. Orodha yangu ina namba ya ovaloki iliyoungua. Mkataba wako unasema mashine mbili, lakini mpya haijulikani na mtu yeyote ila wewe na kuku. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujaweka uzi, igeuze ile mashine, soma namba iliyo kwenye kibati, uiandike pamoja na tarehe ya leo, na leo hii uipeleke ofisini.

Mjomba wako,
Byamungu